KALAMU MPYA NA WINO WAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka niseme nanyi jioni hii, aliniachia hiari ya kuchagua neno la kusema, akaongeza ya kuwa waliotangulia wamekwisha kunena juu ya mishahara, malipo ya uzeeni na nyumba za watumishi. Mambo hayo ni mazito, nami sina la kuyaongezea. Nimechagua kitu chepesi chenye kuchukuliwa mfukoni, yaani kalamu ya wino, na hasa furaha aipatayo mtu anapopewa kalamu mpya pamoja na wino wake. Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, katika zama hizi ambapo barua hupigwa kwa kompyuta na watu hupelekeana habari kwa simu, karani mzima asimama mbele ya wenziwe kusifu kalamu! Nawaomba mnivumilie, kwani chini ya kitu hiki chepesi mna jambo lililokwisha kumpotezea mtu haki yake, nami nitalifikia.

Kalamu ninayoinena nililetewa na mjomba wangu mwaka uliopita, nilipopandishwa daraja. Yeye alikuwa karani katika ofisi za wilaya maisha yake yote hata alipostaafu, na sasa aangalia michungwa yake huko Muheza. Kifurushi kilikuja kwa basi. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kirefu chembamba, na kichupa cha wino kilichofungwa kwa gazeti mara tatu, na barua fupi yenye maagizo mawili tu: nisimwazime mtu kalamu, wala nisichanganye wino huo na mwingine. Hakunipa sababu. Wazee wa ofisi za zamani hawakuwa na desturi ya kuwapa vijana sababu, na hotuba yangu hii kwa sehemu kubwa ni sababu hizo, ambazo imenibidi kuzitafuta mwenyewe.

Furaha ya kwanza ya kalamu mpya ni ile ya kabla ya kuandika. Kichupa kimejaa hata shingoni. Wino ndani yake ni mweusi kama usiku, lakini ukikiinamisha mbele ya taa, ukingoni huonekana rangi ya nili. Kalamu nayo haijapata mkwaruzo hata mmoja. Niliiosha kwanza kwa maji safi, kwani kalamu itokayo kiwandani huweza kuwa na masalio ya mafuta ya mashine ndani yake, na wino na mafuta havipatani. Kisha nikaizamisha nibu yote, nikageuza kizibo cha nyuma, nikaona hewa ikitoka kwa povu. Nikageuza kinyume, wino ukapanda. Nikaipangusa kwa kitambaa. Ndipo nikaandika, nanyi mwajua mtu aandikalo kwa kalamu mpya: huandika jina lake. Niliandika langu mara saba, kisha tarehe, kisha majina ya wanangu, mpaka mke wangu akauliza kama ninaandika wosia.

Asiyepata kuandika kwa kalamu ya namna hii huenda asielewe. Kalamu ya biki yataka kukandamizwa. Hii yataka kushikwa tu, na uzito wake wenyewe watosha kufanya kazi. Siku ambayo majalada ni mengi mezani, nami sina budi kuandika dokezo juu ya dokezo, vidole vyangu haviumi jioni. Katika skuli ya misheni niliyosoma tulikuwa na mwalimu mzee wa hati, ambaye alikuwa akipita nyuma yetu na rula mkononi. Akiona kidole cha mtu kimekuwa cheupe kwa kukandamiza kalamu, hugonga dawati kwa kishindo hata darasa zima likaruka. Wakati ule tulimdhania kuwa ana chuki nasi. Alikuwa akitufundisha kuandika saa nane bila kuchoka. Tena kuna ile mistari mibichi, jinsi ing'aavyo kwa nukta moja kabla haijakauka, kama jani lenye umande. Kwa ajili ya kungoja umande ule ukauke, mtu hujifunza kutogeuza ukurasa upesi, na mara nyingi katika kungoja huko huona neno alilolikosea.

Yafaa tujue kalamu hii yafanyaje kazi, kwani wengi waitumiao hawajui, nao huilaumu kwa makosa yasiyo yake. Utambi wa taa hupandisha mafuta bila kuvutwa na mtu, kwa kuwa umajimaji hupenda kushikamana na vitu vyembamba na kupita katika njia nyembamba. Kalamu ni hivyo hivyo. Chini ya nibu pana kipande cheusi, nakiita ulimi, chenye mifereji myembamba kama unywele. Wino hushuka kwa mifereji hiyo hata kufika kwenye mpasuo wa nibu, na kutoka mpasuo hata kwenye karatasi. Lakini kila tone lishukalo, sharti hewa ipande kuishika nafasi yake. Mmekwisha kuona debe la mafuta lililotobolewa tundu moja tu: mafuta hukataa kutoka, au hutoka kwa kukwama kwama, hata litobolewe tundu la pili. Basi waliobuni kalamu za kwanza za wino wa ndani hawakushindwa na wino. Walishindwa na hewa.

Kutoka hapo mtaelewa kwa nini kalamu huchafua shati. Inapokaribia kwisha, ndani yake mna wino kidogo na hewa nyingi. Uitiapo mfukoni katika joto letu hili la pwani, hewa ile hutanuka, nayo hukisukuma nje kile kiasi cha wino kilichobaki. Kwa hiyo kalamu iliyojaa ni salama kuliko iliyokaribia kuwa tupu, ingawa akili ya kwanza ya mtu hufikiri kinyume chake. Ijazeni mapema, na mwendapo nayo, nibu ielekee juu.

Ama nibu, ni kipande cha dhahabu au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mpasuo katikati, na katika ncha yake imeunganishwa punje ndogo ya madini magumu kupita chuma, ili isilike upesi kwa kusugua karatasi. Wako wasemao ya kuwa nibu hujifunza mkono wa mwenyewe, na kwamba ukiazima kalamu yako hurudi imesahau. Kwa nibu laini ya dhahabu, iliyotumika miaka mingi, pengine pana ukweli kidogo. Kwa nibu yangu ya chuma naona mkono ndio unaojifunza nibu. Lakini agizo la mjomba nimelielewa kwa njia nyingine. Mtu aliyezoea biki, ukimpa kalamu hii atie sahihi, huikandamiza kama apigaye muhuri, na zile pande mbili za mpasuo huachana zisirudiane tena. Hapo wino haupati njia. Basi asiyeazima kalamu yake msimwite mchoyo. Mimi nimeweka biki mbili mezani kwa ajili ya waazimaji, na mpaka leo hakuna aliyezirudisha.

Historia ya kalamu hizi nitaipita kwa haraka. Mwaka 1827 mwanafunzi Mrumania, Petrache Poenaru, alipata hataza huko Ufaransa kwa kalamu yenye kujilisha wino. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata yake, ambayo ililitatua vizuri zaidi lile tatizo la hewa nililolitaja. Husimuliwa kwamba Waterman alikuwa akiuza bima, kalamu ikavuja juu ya mkataba, na mteja akaenda kwa mshindani wake. Hadithi hii ni nzuri mno, na wachunguzi wa siku hizi waiona kuwa ni ya wauza kalamu. Mwaka 1908 sonara mmoja wa Iowa, Walter Sheaffer, akapata hataza kwa kalamu yenye mpira ndani na kijiti cha kuinua ubavuni cha kuuminya mpira huo. Na mwaka 1938 Mhungaria mmoja, László Bíró, mwandishi wa magazeti, alitafutia hataza kalamu yenye kigololi nchani. Kalamu za kigololi zilipouzwa kwa mara ya kwanza New York, mwezi Oktoba 1945, bei ya moja ilikuwa dola 12 na nusu. Leo twaziokota njiani.

Lakini mpasuo ule wa nibu si wa Waterman, wala si wa mtu wa Ulaya peke yake. Wazee wetu wa pwani walichonga kalamu za utete, wakakata ncha kwa mshazari na kuipasua katikati kwa kisu kikali, ili wino ushuke. Jina lenyewe kalamu tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Wayunani, na huko kwa Wayunani maana yake ni utete. Waislamu miongoni mwetu wajua ya kuwa sura ya 68 ya Kurani yaitwa Kalamu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, walikuwako waandishi ambao nakala zao za Kurani zilisifika kwa uzuri wa hati na rangi. Na barua za Kiswahili zilizo za zamani kupita zote zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa hata leo huko Goa katika Bara Hindi. Hebu fikirini, ndugu zangu. Walioziandika wamekwisha kuzikwa zamani sana, na majumba yao mengi ni magofu. Wino wao wasomeka.

Hapa ndipo nitakapo kukaa kidogo. Watu wa pwani tangu zamani walijua wino wa namna mbili, nao hawakuchanganya kazi zake. Uko wino wa kudumu, uliotengenezwa kwa masizi na gundi. Huo ulikuwa wa vitabu na barua. Na uko wa zafarani, ambao mwalimu huandikia kombe: maneno huandikwa katika sahani, kisha huoshwa kwa maji, na maji yale mgonjwa huyanywa. Sisemi hapa juu ya dawa yenyewe, kila mtu na imani yake. Nasema tu ya kuwa mwandishi wa kombe alitaka maandishi yake yafutike, ndiyo sababu akachagua zafarani. Angaliandika kombe kwa wino wa kitabu, au kitabu kwa wino wa kombe, mwanafunzi wake mdogo kabisa angalimcheka.

Na sisi leo, ndugu zangu, twaenda dukani, twaona vichupa vimepangwa, twachagua rangi ituvutiayo.

Wino wa mjomba wangu ni ule uitwao buluu-nyeusi, wa namna ya zamani, wenye chuma ndani yake. Ukiandika, mstari hutoka buluu. Kesho yake umeingia weusi. Baada ya siku chache ni mweusi hasa. Hii ndiyo furaha ambayo sikuitazamia, nayo yanipendeza kuliko zote: kufika ofisini asubuhi, kufungua jalada, na kuona maneno yangu ya jana yamepevuka usiku nilipokuwa nimelala.

Sababu yake hata jikoni yaonekana. Mwanamke akimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha zamani, kisu hugeuka cheusi, na vidole vyake pia. Au tieni msumari wenye kutu katika kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, muuache usiku kucha. Asubuhi chai ile ni kama wino. Katika majani ya chai na magome ya miti mingi, kama mikoko yetu ya Rufiji na miwati ya Njombe, mna dawa ile ile itumikayo kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Dawa hiyo ikikutana na chuma, na hewa ikapita juu yake, huzaliwa rangi nyeusi isiyoyeyuka katika maji. Watengenezaji wa Ulaya waliipata katika vinundu vya mti wa mwaloni, vitokeavyo pale nyigu mdogo anapotaga mayai yake. Wakavichanganya na chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga itokayo hasa Sudani. Wino huo ukiwa mchanga ni hafifu, mwandishi hauoni vema, kwa hiyo hutiwa rangi ya buluu ya kumwongoza jicho mpaka weusi wake ufike. Mwaka 1832 Henry Stephens, aliyesomea utabibu, alianza huko London kuuza wino wa buluu-nyeusi, na wengine wengi wakafuata. Mwaka 1888 serikali ya Prussia ilitoa kanuni za kuupima wino wa maofisi, na huko Uingereza wasajili wa vizazi, ndoa na vifo waliamriwa kwa miaka mingi kutumia wino wa namna hii. Biblia ya Kigiriki iliyoonekana Sinai, iliyoandikwa katika karne ya 4, wino wake nao ni wa chuma.

Nisiusifu kupita kiasi. Wino huu una ukali wa asidi. Uliotengenezwa vibaya, wenye chumvi ya chuma kupita kipimo, hula karatasi polepole, hata herufi zikawa matundu. Maandishi kadha wa kadha ya mtunga muziki Bach yameharibika hivyo. Tena ukiachwa ukaukie ndani ya kalamu, huziba mifereji. Wa siku hizi ni mpole kuliko wa zamani, lakini bado wahitaji mtu mwangalifu.

Kinyume chake ni ule wino wa buluu nzuri yenye kung'aa, ambao ulifanywa makusudi kwa ajili ya watoto wa skuli, ili mama akifua shati doa litoke. Ni wino mwema kwa kazi yake. Haudhuru kalamu, haugandi upesi, na rangi yake hupendeza macho. Lakini ni wino wa kombe.

Sasa nafikia jambo nililoahidi. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha kuzikana, ambacho sitakitaja jina, kiliniomba niende nikawasaidie kusoma madaftari yao. Katika masika paa lilivuja juu ya kabati, na maji yalikaa humo kwa siku mbili kabla mtu hajafungua mlango. Madaftari yalikuwa mawili. La kwanza liliandikwa na katibu wao wa mwanzo kwa buluu-nyeusi. Kurasa zake zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya mzee, lakini kila jina lilisimama mahali pake na kila shilingi ubavuni mwake. La pili, lililokuwa la miaka ya karibuni, liliandikwa kwa wino wa buluu wenye kufulika. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Palikuwa na mistari iliyochapwa kiwandani, na baina ya mistari palikuwa na mawingu ya buluu.

Akaja mjane. Mumewe alikuwa mwanachama, na majirani walishuhudia ya kuwa alilipa ada mwezi kwa mwezi. Stakabadhi zake zilikuwa zimepotea walipohama nyumba. Kanuni ya chama ilisema kwamba asiyelipa katika miezi 12 ya mwisho hana haki, na kurasa za miezi hiyo 12 zilikuwa mawingu. Wazee walibishana jioni mbili. Hakuna aliyemwita mwanamke yule mwongo, wala hakuna aliyekubali kuivunja kanuni, kwani walijua ya kuwa kesho watakuja na wengine. Mwishowe walikata shauri apewe nusu, kwa huruma. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Nami niliyekuwapo nilishindwa kumtazama, kwa kuwa nilijua anashukuru kwa kupewa sadaka katika mali yake mwenyewe.

Yule katibu wa pili hakuwa mwizi wala mvivu. Hati yake, kwa mabaki niliyoyaona katika jalada la nje, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kichupa chake kilikuwa bado kabatini, na ubavuni mwake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa ya kuwa wino huu hutoka kwa kufuliwa. Maneno hayo yalikuwapo siku zote.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri tofauti juu ya kazi yetu. Sisi tuliosoma misheni twakumbuka habari za Baruku, karani wa nabii Yeremia. Wakubwa walipomwuliza ameyaandikaje maneno yale, alijibu kwa ufupi kwamba nabii alinena naye akaandika kwa wino. Mfalme akalikata gombo lile kwa kisu kipande kwa kipande, akalitupa motoni, na Baruku akaanza upya katika gombo jingine. Mfalme huyo tungalimjua kwa jina tu. Uovu wake twaujua kwa sababu karani alikuwa na wino wa kutosha kuandika mara ya pili. Hata katika nchi hii yetu, chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba aliyekianzisha alikuwa karani. Na nyaraka za serikali ya Wadachi, zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Waliofungua majalada yale siku ya kwanza walikuwa watu wa ofisi kama sisi, wenye joto kama letu, na pengine wakifikiri chakula cha mchana.

Msinielewe kwamba naidharau biki. Wino wake ni wa mafuta, maji hayauondoi kwa urahisi, ingawa baadhi yake hufifia katika jua. Tena pana kazi moja ambayo kalamu yangu haiiwezi kabisa: stakabadhi zenye karatasi ya kaboni. Nakala ya chini hupatikana kwa kukandamiza, na mwenye kukandamiza kalamu ya nibu huiua. Kwa stakabadhi, basi, tumieni biki bila kuona haya. Kwa daftari la wanachama, kumbukumbu za mikutano, hati za mirathi na kila kitu ambacho mtu asiyezaliwa bado aweza kukihitaji, tumieni wino ulio wa kudumu.

Lakini katika kununua, jihadharini. Si kila kichupa kilichoandikwa buluu-nyeusi kina chuma ndani yake siku hizi. Vingine ni rangi tupu iliyokolezwa. Kuujua si vigumu. Andika mstari, uache siku mbili, kisha ulitie karatasi katika bakuli la maji kwa saa moja. Buluu huweza kutoka, hiyo haidhuru. Ukibaki mstari mweusi wa kusomeka, huo ndio. Wala msitie katika kalamu wino wa kuchorea ramani, wenye masizi na utomvu, kwani ukikauka humo hautoki tena. Na kila baada ya majuma machache ioshe kalamu kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Agizo la pili la mjomba, la kutochanganya wino, nalo lina sababu yake: wino mbili zenye dawa mbalimbali zikikutana huweza kuganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na mahali pa kugandia ni ile mifereji myembamba kama unywele.

Bwana Mwenyekiti, ninalo ombo moja kwa kamati. Nimetazama, kwa ruhusa ya Bwana Katibu, kitabu cha kumbukumbu za chama chetu na daftari la wanachama. Kumbukumbu ziko salama. Daftari la wanachama, tangu ukurasa wa 40, limeandikwa kwa ile buluu nzuri. Naomba kamati iamuru majina hayo yanakiliwe upya kabla ya masika, nami niko tayari kuifanya kazi hiyo Jumamosi mbili, kwa wino wangu mwenyewe, pamoja na mtu mmoja wa kunisomea.

Kwa wale wasioamini maneno matupu, nimeleta karatasi mbili. Nimeandika jina la chama chetu katika kila moja, hii kwa buluu ya watoto, hii kwa buluu-nyeusi. Nusu ya kila karatasi niliifunika, na nusu niliiacha dirishani penye jua kwa miezi mitatu. Kisha juzi nikazitia majini. Ziko pale mezani karibu na birika la chai, pamoja na kichupa. Kalamu ninayo mfukoni, nami nawaomba radhi.